Ramcharitmanas, kitabu kilichoingia jikoni

Dada zetu, kisa cha Rama kiliandikwa zamani na Valmiki kwa Kisanskriti, lugha ambayo wanawake wengi wa India hawakufundishwa. Mwaka 1574, mjini Ayodhya, Tulsidas akaanza kukitunga upya kwa Kiawadhi, lugha ya nyumbani. Hapo hata mama asiyejua kusoma akasikia na kuelewa mwenyewe.

Sisi tunampenda Shabari, mwanamke wa msituni aliyedharauliwa kwa ukoo wake. Rama anafika kwake, anakula matunda yake, kisha anamfundisha njia tisa za ibada. Anamwambia hatazami ukoo wala mali, anatazama mapenzi tu. Njia ya kwanza ni kukaa na watu wema (nayo si rahisi!).

Lakini tusifichane. Kitabu hichohicho kina mstari, maneno ya Bahari, unaomtaja mwanamke pamoja na ngoma na mnyama, kwamba wanastahili adabu. Wahindu wenyewe wanabishana: wengine wanasema neno lile maana yake ni kufundishwa, wengine wanaukataa kabisa. Kwetu sisi, Shabari ana uzito zaidi.

Karne ya 19 vibarua waliopelekwa kwenye mashamba ya miwa Mauritius na Fiji walikwenda nacho, wakakiimba pamoja baada ya kazi.