Usipa, kahawa na mali isiyokaa mikononi mwa wenyewe

Katika vitabu vya historia vilivyoandikwa na wageni, Liuli, iliyoko kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa, inaitwa Sphinxhafen na ina kisa kimoja tu. Tarehe 13 Agosti 1914, siku chache baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia kuanza Ulaya, meli ya Waingereza iitwayo Guendolen iliingia ghubani chini ya Kamanda Rhoades, ikaishambulia kwa mzinga meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Nahodha wa Kijerumani, Berndt, alikuwa rafiki wa Rhoades wa kunywa naye, na habari za vita zilikuwa hazijamfikia. Huko London magazeti yakasherehekea ushindi wa majini.

Kisa kinachekesha, ndiyo maana kinarudiwa kila mara. Lakini ufukwe ule haukuwa mtupu. Palikuwa na wavuvi, wachonga mitumbwi, wasuka nyavu na akina mama waliokuwa wakianika samaki, watu waliokuwa na uchumi wao kabla Mjerumani hajalitazama jiwe la Pomonda na kuliona linafanana na sanamu ya Sphinx ya Misri. Makala haya yanawahusu hao, na swali moja linalojirudia katika historia yao kwa zaidi ya miaka mia moja: kwa nini walichokijenga hakikai mikononi mwao?

Liuli leo iko Wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012. Mbele ni ziwa, nyuma ardhi inapanda ghafla hadi milima ya Umatengo. Chini kuna joto, mchanga, mihogo na samaki. Juu kuna baridi, mahindi na maharage. Biashara ya eneo hili ilizaliwa na mteremko huo. Mnyasa alikuwa na samaki wakavu lakini maharage hana. Mmatengo alikuwa na ghala limejaa lakini kitoweo hana. Njia za miguu zilizopanda na kushuka milima hiyo zilikuwa soko kabla ya kuwapo soko, na samaki walibadilishwa kwa nafaka bila senti kupita katikati.

Kwa njia ya maji mambo yalikuwa vivyo hivyo. Wanawake wa Kikisi wa Ikombe, karibu na Matema kaskazini mwa ziwa, walifinyanga vyungu vyepesi vyenye nakshi, vikapakiwa kwenye mitumbwi na kusambazwa kijiji hadi kijiji kando ya ziwa, vikibadilishwa kwa chakula. Majembe ya chuma yalitoka kwa wahunzi wa Ukinga na Upangwa, na jembe lilikuwa zaidi ya kifaa cha shamba, kwani lilitumika kulipa mahari. Mtandao huo haukuwa na kampuni wala hati. Ulidumishwa na undugu, deni na heshima ya neno. Karne ya 19 ilipoleta majahazi ya watumwa na pembe za ndovu kutoka Nkhotakota ng'ambo ya ziwa, na mashambulizi ya Wangoni kutoka bara, watu wa pwani walijifungia ndani ya maboma na biashara ikasinyaa. Haikufa.

Wamisionari Waanglikana wa UMCA, waliokuwa wameweka makao yao kisiwani Likoma tangu miaka ya 1880, waliuingia ulimwengu huo. Shemasi Mkuu, yaani Archdeacon, William Percival Johnson, alitumia zaidi ya miaka 40 kandokando ya ziwa hili, akafariki Liuli mwaka 1928 na kuzikwa hapo. Misheni ilileta hospitali ya Mtakatifu Anna, shule na useremala, na meli Chauncy Maples iliyoanza kazi mwaka 1901. Ilileta pia kitu ambacho hakitajwi sana, nacho ni mshahara. Kodi ya kikoloni ilipodai fedha taslimu, wanaume wengi wa mwambao walikwenda kuitafuta mbali, hadi mashamba ya mkonge ya Tanga, na waliporudi na cherehani au baiskeli wakawa mafundi na wachuuzi wa kijiji. Mtaji wa kwanza wa fedha wa maduka mengi ya pwani hii ulitoka kwenye jasho la mkonge.

Huko juu milimani kulikuwa na ujuzi wa aina nyingine, na hapa naomba msomaji anivumilie kidogo, maana ngoro, kilimo cha mashimo cha Wamatengo, inastahili kutazamwa kwa karibu. Mmatengo hulima mteremko ambao mtu wa tambarare angeogopa hata kuupanda. Majani hufyekwa mwishoni mwa mvua, yakaachwa yakauke, kisha hupangwa kwa mistari inayokatizana mpaka mlima mzima unakuwa na vyumba vya mraba. Wanaume ndio hufyeka na kupanga. Wanawake hufuata na majembe, wakichimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuurundika juu ya majani. Kinachobaki ni mashimo mamia kwa mamia, yakizungukwa na matuta yaliyofunika mbolea ndani. Mvua ikinyesha, maji huingia shimoni badala ya kuteremka na udongo. Maharage hupandwa juu ya matuta, na mahindi hufuata msimu unaokuja. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine walikuja kuusoma mfumo huo katika miaka ya 1990, na waliukuta unafanya kazi ambayo kampeni za kikoloni za matuta, zilizosababisha ghasia kule Uluguru mwaka 1955, zilishindwa kuifanya kwa amri.

Kahawa ilipandwa pembeni ya mashamba hayo kuanzia miaka ya 1920, Chifu Makita wa Wamatengo akiwa miongoni mwa waliolihimiza zao hilo. Wangoni upande wa Songea walishika tumbaku ya kukaushwa kwa moshi. Mwaka 1936 kikaundwa chama cha ushirika cha Wangoni na Wamatengo, maarufu kama NGOMAT. Hakikuwa chama huru kabisa, kwani jicho la serikali ya kikoloni halikukiacha. Hata hivyo ndani yake wakulima walijifunza kupima mazao, kusoma stakabadhi, kuchagua viongozi na kuwauliza maswali, shule ambayo hakuna misheni iliyoweza kuitoa.

Kisha ikaja Litowa. Karibu na Songea, kundi la vijana wa TANU likiongozwa na Ntimbanjayo Millinga lilianza kijiji cha kulima pamoja mwaka 1960. Mwanzo ulikuwa mgumu na wengi walikimbia, lakini waliobaki wakashika. Mwaka 1963 wakaunda Ruvuma Development Association, RDA, wakishauriwa na Mwingereza Ralph Ibbott, mtu aliyekaa kijijini kama mwanakijiji na si kama mkurugenzi. Kufikia mwaka 1969 RDA ilikuwa na vijiji 17. Ilimiliki mashine ya kusaga mjini Songea na kiwanda cha kupasua mbao, ilifuma sufu, na shule yake ya Litowa iliwafundisha watoto kusimamia kijiji badala ya kukikimbia. Maamuzi yalitolewa kwenye mikutano ya wanakijiji. Mwalimu Nyerere aliipenda RDA waziwazi, na alipoandika juu ya ujamaa vijijini mwaka 1967 alikuwa na mfano hai machoni.

Tarehe 24 Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU iliipiga marufuku. Mashine zikachukuliwa, wafanyakazi wakahamishwa, na Ibbott akaondoka nchini. Sababu rasmi na zisizo rasmi zimejadiliwa tangu wakati huo. Mimi naona sababu ni nyepesi kuliko zinavyosemwa: watu waliokuwa wakijilisha, wakijisomesha na kujiamulia hawakuwa na shida na ruhusa ya mkubwa wa mkoa, na wakubwa wa mkoa hawakuwa na kazi kwa watu wa namna hiyo.

Miaka saba baadaye dhoruba ile ile ikawapiga wakulima wa nchi nzima. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika na kukabidhi kazi yao kwa mamlaka za mazao, na NGOMAT ikaenda na maji. Ushirika ulirudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Mbinga ikapata chama chake kikuu, MBICU, na mji ukakua kwa kahawa, na msimu ukiwa mzuri fundi wa bati hakuwa na nafasi.

Lakini ni lazima tuwe wakweli. Sio kila mali ya watu wa Mbinga iliporwa kutoka juu. Biashara ya kahawa ilipofunguliwa kwa kampuni binafsi katikati ya miaka ya 1990, MBICU ilikuwa imelemewa na madeni, ikaanguka. Nyuma yake yalibaki madai ya wakulima ambao hawakulipwa, na ikasitawi biashara ambayo kila Mmatengo anaijua kwa jina: magoma. Mzazi anadaiwa ada mwezi Januari, kahawa yake ingali changa mtini. Anatokea mtu mwenye fedha mkononi, anamkopesha, na malipo ni magunia ya kahawa wakati wa mavuno kwa bei waliyokubaliana siku ya shida. Mkopeshaji mara nyingi si mgeni. Ni jirani mwenye duka au mtumishi mwenye mshahara, na wote wawili hukaa kanisani benchi moja. Serikali imepiga vita magoma kwa amri mara nyingi, bila kumpa yule mzazi mahali pengine pa kukopa mwezi Januari.

Benki ya Wananchi Mbinga ingeweza kuwa mahali hapo. Ilikuwa benki ya wenyeji, hisa zake zikiwa mikononi mwa watu wa pale pale, jambo ambalo wilaya nyingi za nchi hii hazikuwahi kuthubutu. Mwezi Mei 2017 Benki Kuu ya Tanzania iliifunga kwa kukosa mtaji wa kutosha. Wenye amana walikuwa na hakika ya fidia isiyozidi shilingi 1,500,000 kutoka Bodi ya Bima ya Amana. Mwenye akiba kubwa zaidi ilibidi asubiri mfilisi auze mali. Mwenye hisa alibaki na cheti chake.

Tushuke tena Liuli, ambako hakuna benki ya kuanguka. Injini ya pwani hii ni usipa, samaki wadogo wa fedha wanaofuata mwanga. Kazi hufanywa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwaka mitumbwi hupumzika. Zamani ilikuwa mienge, zikaja karabai za mafuta ya taa, na sasa taa za umeme wa jua zimepunguza gharama ya usiku mmoja kwa kiasi ambacho mvuvi hahitaji mtaalamu kumweleza. Asubuhi akina mama huwa wamekwisha kusubiri ufukweni na ndoo. Wananunua samaki mara mtumbwi unapogusa mchanga, wengine kwa fedha, wengi kwa mali kauli, yaani chukua sasa utalipa ukiuza. Hapo ndipo ujuzi wa biashara unapoonekana, maana mama huyo ana saa chache za kuamua kama mawingu yatamwachia jua. Mzigo wa usipa ukinyeshewa kwenye mchanga hugeuka chakula cha kuku, na deni halinyeshewi. Aliye na kichanja cha kuanikia juu ya ardhi hupata bei nzuri Mbinga na Songea, na asiye nacho huuza mchanga pamoja na samaki, na mteja anajua.

Miundombinu imeanza kumsogelea mama huyo. Barabara ya lami ya Mbinga hadi Mbamba Bay imefupisha safari iliyokuwa ikiua magari. Meli ya MV Mbeya II, iliyoanza safari mwaka 2021, ilijengwa Kyela na kampuni ya Kitanzania, Songoro Marine ya Mwanza. Ukikumbuka kwamba Hermann von Wissmann ililetwa vipande vipande kutoka Ujerumani, hilo ni jambo la kujivunia. Lakini barabara nzuri humleta pia mnunuzi mwenye lori, mwenye barafu na mwenye fedha taslimu, naye hanunui kwa mali kauli. Akina mama wa ndoo wasipokuwa na mtaji, watabaki vibarua wa kuanika kwenye ufukwe wao wenyewe.

Njia ya kuwasaidia ipo kisheria. Kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu ya ubadhirifu na vikundi hewa, ikarejeshwa mwaka 2024. Halmashauri ya Nyasa ianzie ufukweni, kwa vichanja na maghala ya usipa, kabla ya kufikiria mradi mwingine wa picha. Na kwa wanachama wa AMCOS, yaani vyama vya msingi vya ushirika wa mazao, kule milimani: sheria ya ushirika ya mwaka 2013 inawapa haki ya kusomewa hesabu zilizokaguliwa kwenye mkutano mkuu. Msikubali mkutano ufungwe kabla hazijasomwa.