Mpagazi na aliyepagazwa: neno moja, historia mbili

Wasikilizaji wetu wa Mabalako, na ninyi ndugu mliokimbilia Butembo na Beni, leo tuangalie neno mpagazi. Ni mtu anayebeba mizigo ya wengine, na hiyo ndiyo kazi yake. Neno ni la zamani, na maana yake inatugusa hata leo.

Kupagaa ni kubeba kitu begani. Kupagaza ni kumtwika mwingine. Hata pepo husemwa amempagaa mtu, na mtu huyo hakumuita. Basi kuna anayejitwika, na kuna anayetwikwa.

Katika karne ya 19, misafara ya biashara ilitoka Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika mpaka Manyema, huku kwetu Kongo. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi. Mtu mmoja alibeba kilo 30 hivi. Walipatana mshahara na posho, yaani chakula cha njiani. Neno posho tungali nalo. Wakionewa, waliweka mizigo chini au walitoroka. Kijana aliyefika pwani na kurudi aliheshimiwa kwao. Kwa majirani wa Rwanda na Burundi, gupagasa ni kwenda kutafuta kazi ya mshahara mbali na nyumbani.

Ukoloni ulipoingia, jina lilibaki lakini mapatano yalikufa. Wakati wa Leopold II, kuanzia 1885 hadi 1908, watu walilazimishwa kubeba mizigo ya serikali. Halafu ikaja vita ya 1914-1918. Force Publique, jeshi la Wabelgiji, iliingia Tabora Septemba 1916, na mizigo yake ilibebwa na wapagazi wa Kongo. Wanahistoria wanakadiria kwamba katika vita hiyo walipita 200.000. Wengi walikufa kwa njaa, uchovu na magonjwa.

Waingereza nao waliwakusanya wapagazi wao katika kikosi walichokiita Carrier Corps. Kutokana na jina hilo tunapata Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Masoko hayo yanajulikana kote. Waliobeba mizigo hawajulikani.

Sasa turudi nyumbani. Katika eneo la Beni, watu wenye silaha wakishambulia kijiji, mara nyingi huwateka wakaaji na kuwabebesha mali iliyoporwa hadi porini. Mwenye bahati anarudi, miguu imevimba, na mtu anamuuliza: kwa nini uliwabebea?

Swali hilo si la haki. Mpagazi hupatana bei, hupewa posho, na anaweza kukataa mzigo. Aliyetekwa hana hata kimoja cha hivyo. Huyo amepagazwa, kama wazee wetu wa 1916. Akirudi, tumpe maji, tumpeleke kituo cha afya, tuwape habari jamaa zake. Maswali mengine yangoje.

Na yule anayebeba magunia ya kakao sokoni kwa jasho lake, tumlipe kama tulivyopatana. Yeye ndiye mpagazi.