Kuamuru na Kutega Sikio: Historia Fupi ya Kitenzi

Kitenzi cha Kiingereza order kimetokana, kupitia Kifaransa, na nomino ya Kilatini ordo, yaani safu: kuamuru ni kupanga. Amuru ya Kiswahili, yenye asili ya Kiarabu, ina shina moja na amiri: kuamuru ni kutawala. Huko Homa Bay na Migori, Wajaluo husema chiko. Nomino yake, chik, hujumuisha amri, sheria na desturi, zile alizoziandika Paul Mboya, aliyepata kuwa chifu wa Karachuonyo, katika Luo Kitgi gi Timbegi (1938). Lakini chiko it ni kutega sikio. Hivyo basi, mfasiri anayeiita kila chik amri humbakiza mtawala na kumpoteza msikilizaji, ilhali pasipo msikilizaji desturi haidumu.