Nyumba ya Kwihara na Nyumba Zetu

Huko Uingereza ziko nyumba nyingi za jamaa zilizojengwa zamani za Malkia Victoria, aliyetawala tangu 1837 hata 1901. Ni nyumba za matofali ya kuchoma, nazo hukaliwa mpaka leo. Mwenye nyumba ya namna hii akitaka kuiuza, kwanza huitengeneza: huziba nyufa, hubadili mbao zilizooza, hupaka rangi. Wanunuzi hutoa fedha nyingi, wala si kwa kuwa nyumba ni mpya, bali kwa kuwa ni ya kale na imetunzwa. Jambo hili laweza kuwashangaza watu wa Shinyanga na Geita, maana kwetu nyumba ya kale mara nyingi huhesabiwa kuwa nyumba ya kubomolewa. Kwa hiyo twapenda kuwaeleza wasomaji habari za nyumba moja ya zamani zile zile, isiyo mbali nasi, kisha tutazame ina neno gani la kutufundisha.

Nyumba hiyo iko Kwihara, karibu na mji wa Tabora. Ni tembe, yaani nyumba ya kuta nene za udongo, yenye dari bapa ya miti iliyofunikwa kwa udongo, na vyumba vyake vyazunguka ua. Katikati ya karne ya 19 Waarabu na Waswahili wa pwani walikuwa wamekwisha kukaa Unyanyembe kwa biashara ya pembe na watumwa. Njia kutoka pwani ilifika hapo, kisha ikagawanyika: moja ilikwenda Ujiji, nyingine ilikuja kaskazini, kwetu Usukuma. Kwa njia hiyo ya kaskazini ndiyo alipita John Speke mwaka 1858, hata akaliona ziwa la Nyanza. Wanyamwezi na Wasukuma wengi walifanya kazi ya upagazi katika njia hizo, wakichukua mizigo mpaka pwani na kurudi na vitambaa na shanga. Basi mali iliyojenga nyumba za matajiri wa Tabora na za Unguja ilipita juu ya mabega ya wazee wetu. Wengine walikwenda kwa ujira. Lakini watumwa walikwenda kwa minyororo.

Mwaka 1871 Henry Stanley alifika Unyanyembe akimtafuta David Livingstone, akapewa tembe ya Kwihara akae. Wakati huo Waarabu walikuwa katika vita na Mirambo, mtemi hodari wa Urambo. Mwezi wa Agosti watu wa Mirambo waliingia Tabora, wakachoma nyumba. Stanley aliogopa kwamba Kwihara nayo itashambuliwa, akaagiza watu wake watoboe matundu katika kuta za tembe ili wapate kupiga bunduki kutoka ndani. Vita haikufika pale. Akaondoka kwenda Ujiji kwa njia ya kuzunguka, akamkuta Livingstone, na mwezi wa Februari 1872 wakarudi wote wawili Kwihara. Stanley akaenda zake pwani mwezi wa Machi. Livingstone akabaki akingoja wapagazi na vitu, hata mwezi wa Agosti mwaka ule ule akaanza safari yake ya mwisho.

Mwaka uliofuata Livingstone alikufa katika kijiji cha Chitambo, katika nchi iitwayo sasa Zambia. Chuma na Susi na wenzao wakaukausha mwili wake, wakauchukua kwa miguu. Mwezi wa Oktoba 1873 walifika Unyanyembe, wakamkuta Mwingereza Cameron, akikaa katika nyumba ile ile ya Kwihara. Cameron aliwashauri wamzike hapo. Wakakataa, wakaendelea na safari mpaka Bagamoyo, na mwezi wa Aprili 1874 mwili ukazikwa London.

Sasa twaomba msomaji aangalie neno moja. Nyumba hii huitwa nyumba ya Livingstone. Lakini Livingstone hakuijenga, wala hakuinunua. Alikuwa mgeni humo kwa muda wa miezi sita tu. Waliokanyaga udongo wa kuta zile, waliokata miti ya dari, waliochota maji na kufagia ua, hatusikii majina yao. Kwa nini? Kwa sababu mgeni alikuwa na kalamu. Kila siku aliandika, na maandiko yake yakahifadhiwa. Wenyeji walisimuliana tu, na wasimuliaji wakafa. Nyumba huchukua jina la yule aliyeandikwa.

Tena tembe ile haikudumu yenyewe. Udongo hulowa kwa mvua, na mchwa hula miti. Nyumba isiyokaliwa na mtu wa kuikandika huanguka, hata ikiwa na kuta nene namna gani. Tembe ya Kwihara ilianguka pia, na mwaka 1957 ikajengwa upya mahali pake, ikawa nyumba ya kumbukumbu. Wahenga walisema kweli: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Na tuje kwetu. Wazee wa Usukuma walijenga msonge wa miti na majani. Nyumba ya namna hiyo haikuwa ya kuuzwa, na ardhi iliyo chini yake haikuuzwa kabisa, maana ilikuwa chini ya mtemi, naye aliitunza kwa ajili ya watu. Kisha tulihamahama sana. Baada ya 1947 serikali ya Waingereza ilikuwa na mpango wa kuipunguzia Usukuma watu na ng'ombe, na watu wengi wakavuka kwenda Geita kutafuta nchi pana. Utawala wa watemi ulikoma mwaka 1963. Mwaka 1974 watu wengi wa Shinyanga walihamishwa wakakae katika vijiji vya pamoja, na kaya nyingi za zamani zikabaki magofu. Si ajabu kwamba nyumba za kale ni chache kwetu.

Dhahabu nayo imeleta mambo yake. Mgodi wa Geita ulianza katika miaka ya 1930, ukafungwa 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ukaanza kazi mwaka 2000. Penye dhahabu watu hufika wengi, kiwanja hupanda bei, na nyumba iliyokuwa ya jamaa huwa bidhaa. Hatusemi kwamba kuuza nyumba ni vibaya. Lakini wako wauzao kwa haraka, kwa siri, na jioni mama na watoto huambiwa kwamba hapa si kwao tena. Fedha za namna hiyo hazikawii kwisha, na machozi hubaki.

Sheria ya nchi imeliona jambo hili. Sheria ya Ndoa ya 1971, katika kifungu cha 59, yakataza mume au mke kuuza nyumba ya ndoa, au kuiweka rehani, pasipo ridhaa ya mwenzake. Nayo Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 yampa mwanakijiji njia ya kupata hati ya hakimiliki ya kimila, yenye nguvu sawa na hati nyingine. Na haki hiyo haiuzwi hivi hivi bila idhini ya halmashauri ya kijiji. Msomaji atatambua kwamba hapa pia kalamu ndiyo ulinzi. Mjane asiye na karatasi husemewa na wengine, kama waliojenga tembe ya Kwihara walivyosemewa na mgeni wao.

Basi twawashauri wasomaji mambo matatu. Kwanza, nyumba iliyopo itengenezwe kila mwaka kabla ya masika, maana nyumba iliyotunzwa hupata bei njema ikiuzwa, na isipouzwa huwafaa wajukuu. Pili, majina ya mume na mke yote mawili yaandikwe katika hati. Tatu, katika daftari la nyumbani iandikwe habari ya nyumba: ilijengwa mwaka gani, na nani, nani walizaliwa humo na nani walifia humo. Daftari la senti chache litawaeleza wajukuu jambo ambalo kuta za Kwihara hazikuweza kutueleza sisi.