Kanazawa: Theluji, Mchele na Shaka la Edo

Kanazawa, makao makuu ya Mkoa wa Ishikawa, ni mji wa watu wapatao 460,000 ulioko pwani ya magharibi ya Honshu, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Japani, ukiitazama Bahari ya Japani upande mmoja na kuipa mgongo safu ya milima ambayo kilele chake mashuhuri, Hakusan, kina urefu wa mita 2,702. Kutoka milimani inashuka mito miwili, Sai na Asano, inayopita karibu sambamba hadi uwandani, na katikati yake umebaki mgongo mrefu wa ardhi uitwao Kodatsuno. Kwenye ncha ya mgongo huo, mahali ambapo adui angelazimika kuvuka mto kabla ya kuanza kupanda, ndipo ilipojengwa ngome, na mji ukaenea kuizunguka. Mambo mawili ndiyo yaliyoufinyanga mji huo kuliko mengine yote: maji yanayoushukia karibu mwaka mzima, na shaka ambalo watawala wa Edo, yaani Tokyo ya sasa, walikuwa nalo juu ya mabwana wake.

Wingi wa maji hayo una sababu zake. Wakati wa baridi upepo mkavu hutoka Siberia na kuvuka Bahari ya Japani, ambako mkondo wenye joto uitwao Tsushima huupa unyevu mwingi. Upepo huo ukifika nchi kavu na kukwezwa na milima, hupoa na kuumwaga mzigo wake kwa njia ya mvua na theluji. Kwa hiyo Kanazawa hupata takriban milimita 2,400 kwa mwaka, wakati Tokyo, iliyoko upande wa pili wa milima, hupata kama milimita 1,600 na hufurahia jua la baridi ambalo watu wa Kanazawa hawalijui. Radi nazo hunguruma zaidi majira ya baridi kuliko ya joto, na wavuvi wa pwani hiyo huzipokea kama ishara kwamba buri, samaki mnono wa jamii ya kolekole, wamekaribia. Kwa kuwa halijoto ya Januari ni wastani wa nyuzi 4 hivi, theluji ya hapa huwa mbichi na nzito, yenye uwezo wa kuvunja matawi ya miti. Mwaka 1963 ilirundikana hadi sentimita 181. Ndiyo maana kila ifikapo Novemba watunza bustani husimamisha nguzo ndefu kando ya misonobari, wakapanda juu na kuzishusha kamba nyingi zinazotandazwa pande zote, kila kamba ikishikilia tawi lake. Kuta za udongo za mtaa wa Nagamachi, walikoishi samurai, nazo hufunikwa kwa mikeka ya majani makavu ya mpunga, maana maji yakipenya na kuganda ndani yake udongo hubanduka.

Kabla ya kuwa mji wa mabwana, hapa palikuwa mahali pa waumini. Mwaka 1488 wafuasi wa Jodo Shinshu, madhehebu ya Kibudha yaliyoenea sana miongoni mwa wakulima, walimshinda gavana Togashi Masachika, na jimbo la Kaga likawa chini ya wakulima, makuhani na wenye ardhi wadogo kwa takriban miaka mia moja, jambo nadra kabisa katika Japani ya zama zile. Kituo chao kilichojengwa mwaka 1546 kwenye ncha ya Kodatsuno kilitekwa na majeshi ya bwana wa vita Oda Nobunaga mwaka 1580, na miaka mitatu baadaye jemadari Maeda Toshiie akaingia na kuifanya ngome kuwa makao yake. Ukoo wa Maeda ulitawala tangu hapo hadi mwaka 1871. Utajiri wake ulipimwa kwa koku, kipimo cha lita 180 hivi za mchele, kiasi kilichohesabiwa kumtosha mtu mmoja kwa mwaka. Eneo la Maeda lilizidi koku milioni moja, na hapakuwa na bwana mwingine chini ya shogun, mtawala mkuu wa kijeshi, aliyefikia kiwango hicho.

Utajiri wa namna hiyo ulikuwa hatari kwa mwenyewe. Toshiie alipofariki mwaka 1599, mwanawe Toshinaga alishukiwa kula njama dhidi ya Tokugawa Ieyasu, bwana wa Edo ambaye baadaye alikuwa shogun, na mama yake, Matsu, akakubali kwenda Edo kuwa mateka ili kuuokoa ukoo. Shaka hilo liliibuka tena mwaka 1631, pale moto mkubwa ulipoteketeza mji na ngome, na ukarabati uliofuata ukatafsiriwa Edo kuwa maandalizi ya vita, hata bwana wa tatu, Toshitsune, akalazimika kusafiri kwenda kujieleza.

Moto huo ndio ulioleta kazi ambayo pengine ndiyo bora zaidi katika historia ya mji. Ngome ilikuwa juu, mito ilikuwa chini, na maji ya kuzima moto hayakuwapo. Mwaka 1632 Toshitsune aliagiza uchimbwe mfereji wa Tatsumi, na kazi hiyo, inayohusishwa na fundi Itaya Heishiro, ilichukua maji ya Mto Sai mbali juu ya bonde na kuyaleta kwa mteremko mdogo sana kwa takriban kilomita 11, sehemu yake ikipita ndani ya mwamba. Ugumu ulikuwa mwishoni, kwa kuwa kati ya Kodatsuno na ngome palikuwa na handaki pana la ulinzi. Mafundi waliyashusha maji ndani ya mabomba yaliyozibwa barabara, kwanza ya mbao na baadaye ya mawe, yakapita chini na kupanda upande wa pili kwa nguvu ya uzito wa maji yaliyokuwa nyuma yake, kwani maji yaliyofungwa bombani hutafuta kimo kinachokaribia kile yalikotoka. Hapakuwa na pampu wala injini. Maji ya mfereji huo ndiyo yanayolisha mabwawa ya Kenroku-en, bustani iliyoanzishwa na bwana wa tano, Tsunanori, mwaka 1676 na kufunguliwa kwa umma mwaka 1874.

Kuhusu shaka la Edo, jibu la ukoo wa Maeda lilikuwa kuzielekeza fedha mahali ambapo hazingemtisha shogun. Karakana ya ngomeni iliyokuwa ikitengeneza silaha iligeuzwa kuwa mahali pa sanaa za mikono, mafundi wakaletwa kutoka Kyoto na Edo, na mji ukajijengea sifa katika kupaka vyombo utomvu wa mti wa urushi, kutia nakshi vitambaa vya hariri, na tamthilia ya Noh. Hapa ipo haja ya kuwatazama wafua dhahabu kwa karibu. Fundi huweka vipande vya dhahabu kati ya karatasi zilizotayarishwa kwa majivu na maji ya tunda la kaki, akavipigapiga hadi unene wa kama sehemu moja ya elfu kumi ya milimita, kisha akavihamisha kwa koleo la mianzi na kuvinyoosha kwa pumzi ya mdomo, kwa kuwa kidole kingevirarua. Unyevu ule ule unaowachosha wakazi ni rafiki wa kazi hii, maana hewa kavu huleta umeme tuli unaozinatisha karatasi. Edo ilibana ufuaji wa dhahabu ufanyike kwa ruhusa yake tu, na mafundi wa Kanazawa waliuendeleza kwa siri kwa vizazi kadhaa. Leo karibu dhahabu yote ya aina hiyo nchini Japani hufuliwa hapa.

Kuvunjwa kwa majimbo ya kikabaila mwaka 1871 kuliwaacha samurai bila mabwana na mafundi bila wateja, na mji uliokuwa miongoni mwa mikubwa kabisa nchini ukapoteza watu wengi. Ngome iliungua mwaka 1881, reli ikafika mwaka 1898, na mwaka huo huo ikaja Divisheni ya 9 ya jeshi. Hata hivyo, mwaka 1945 ndege za Marekani ziliiteketeza Toyama, iliyo karibu kilomita 60 tu, zikaiacha Kanazawa, ambayo ilibaki na vichochoro vyake vilivyopindwa makusudi ili kumpoteza adui.

Tishio lililofuata lilitoka kwa wakazi wenyewe. Magari yalipoongezeka, mifereji ya mji, ambayo ni 55 yenye jumla ya kilomita 150 hivi, ilianza kufunikwa kwa zege ili ipatikane nafasi ya kuegesha. Mwaka 1968 halmashauri ilipitisha sheria ndogo ya kulinda mandhari ya kale, na mwaka 1996 nyingine ya mifereji peke yake, iliyowezesha mifuniko ya Mfereji wa Kuratsuki kuondolewa na maji kuonekana tena kati ya maduka. Huo ulikuwa uamuzi wa busara na wa gharama, kwani wenye maduka waliachia nafasi waliyoizoea. Treni ya mwendokasi ilifika kutoka Tokyo mwaka 2015 na umati wa watalii, na tarehe 1 Januari 2024 tetemeko la Rasi ya Noto likaporomosha sehemu kadhaa za kuta za ngome, ambazo mawe yake, yaliyochimbwa Mlima Tomuro, yanapaswa kurejeshwa kwa kazi ya miaka mingi.