Ngoma Ilisafiri, Mwamuzi Akabaki

Huku Songwa, wilaya ya Kishapu, aliyezaliwa kwenye ukoo wa wacheza ngoma hakuulizwa anapenda upande gani. Babu yangu alikuwa wa Bagika, basi nyumba nzima ikawa ya Bagika, isipokuwa mama, binti wa Bagalu, ambaye hadi uzeeni alitutania kwamba ngoma yetu huvuma vizuri pale tu upepo unapotusaidia.

Pande hizo mbili za ngoma ya Wasukuma ni za zamani. Wazee huzihusisha na waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, walioshindana kwa ngoma na kwa dawa, kila mmoja akijikusanyia wafuasi mpaka ushindani wao ukaenea Usukuma nzima. Kando yao vilikuwapo vyama vya kazi na ujuzi: Bayeye wa nyoka, Bayege wawindaji wa tembo, Bununguli waliochimbua nungunungu mashimoni, na vikundi vya kulima vilivyotuachia bugobogobo, ngoma ya majembe. Wengi wanaoijua bugobogobo leo wanadhani iliundwa kwa ajili ya jukwaa. Ilianzia shambani, watu wakiwa wamejipanga mstari mmoja, ngoma ikiwahimiza ili pasiwe na wa kubaki nyuma.

Mashindano yenyewe yalisubiri mavuno. Kuanzia Juni, mtama ukiwa umeingia ghalani na pamba imeshapimwa, vikundi viwili viliingia uwanja mmoja na kuanza kupiga kwa wakati mmoja, mbali kiasi cha kurushiana jiwe. Hapakuwa na meza ya majaji wala karatasi za alama. Watu waliamua kwa miguu yao: palipojaa ndipo penye ushindi. Watazamaji walihama asubuhi, wakarudi mchana, wakahama tena jioni, na mashindano makubwa yaliweza kwenda siku kadhaa.

Manju, kiongozi wa ngoma, akiona duara lake linapungua, alikuwa na hila zake. Alibadilisha wimbo papo hapo, akamtaja mpinzani wake kwa jina na kumsimanga kwa deni la ng'ombe, au akamtoa mtu mwenye chatu shingoni. Nikiwa kijana nilimwona mpiga ngoma wetu akikimbilia moto wa majani kukaza ngozi iliyolegea, mwenzake akiushikilia mdundo peke yake kwa ngoma ndogo. Katika dakika hizo chache nusu ya watu walivuka ng'ambo, na wakakaa hukohuko. Babu hakula jioni ile. Kila upande pia ulikuwa na dawa ya mvuto, na haikuwa siri. Tulibishana tu ni ya nani iliyo kali zaidi.

Kusafiri kwa ngoma hakukuanza jana. Wasukuma na Wanyamwezi walibeba mizigo ya misafara hadi pwani wakiwa na nyimbo zao, na John Williamson, mwanajiolojia kutoka Kanada, alipoanzisha mgodi wa almasi wa Mwadui mwaka 1940, vijana wa vijiji vyetu walizoea kuishi na watu wa makabila wasiyoyajua. Lakini hapo aliyecheza bado alikuwa akichezea watu waliojua tofauti ya Bagika na Bagalu, au waliokuwa tayari kubishana juu yake.

Wageni walipoanza kuja kututazama, mambo yalikwenda njia mbili. Ya kwanza ni ya Bujora, huko Kisesa. Padri David Clement, naye Mkanada, wa shirika la White Fathers, alifika huko miaka ya 1950, akaruhusu ngoma kanisani wakati mapadri wengi waliziita za kishenzi, na makumbusho yakafunguliwa mwaka 1968. Namheshimu kwa jambo moja hasa: hakuziua pande. Katika Bulabo, sherehe inayoambatana na sikukuu ya Ekaristi, Bagika na Bagalu waliendelea kupambana, na mgeni aliyetoka Ulaya alilazimika kuchagua pa kusimama kama sisi.

Njia ya pili ilipitia serikalini. Mwalimu Nyerere alipotangaza wizara ya utamaduni Desemba 1962, likafuata kundi la ngoma la taifa, na baadaye Chuo cha Sanaa Bagamoyo, mwaka 1981. Hapo bugobogobo ilifundishwa kwa Wazaramo, Wamakonde na Wachaga, ikapanda ndege. Sikatai faida yake. Hukwe Zawose, Mgogo, alitoka katika mkondo huohuo wa wasanii wa taifa, na Wajapani walimpenda mpaka wakamrekodi. Ila bugobogobo ya ughaibuni ni ya robo saa. Majembe yanarushwa, yanadakwa, ukumbi unapiga makofi, taa zinazimwa. Hakuna anayeshindwa, kwa hiyo hakuna anayehangaika.

Mpwa wangu anayesoma Shinyanga mjini hushinda kwenye simu akitazama vikundi vya wasichana wa Japani. Nilikuwa tayari kumkemea, mpaka aliponieleza habari za AKB48. Kundi hilo lilianza Desemba 2005 kwenye ukumbi mdogo wa Akihabara, Tokyo, likicheza karibu kila siku mbele ya watu walewale, na mwaka 2009 likaanza uchaguzi: kura iliuzwa pamoja na CD, na mashabiki wakaamua nani asimame mbele. Walipotaka mashabiki wa nje, hawakupeleka wachezaji tu. Mwaka 2011 walianzisha kundi dada Jakarta, JKT48, la wasichana wa hukohuko, na hao nao wakapigiwa kura na Waindonesia. Ushabiki wenyewe ndio uliosafirishwa, pamoja na ugomvi wake na, kusema kweli, biashara yake isiyo na haya.

Sisi tulisafirisha majembe tukamwacha mwamuzi Usukuma. Maofisa utamaduni wanaotuletea wageni wanaweza kulirekebisha hili bila bajeti mpya: waweke vikundi viwili uwanja mmoja, vianze pamoja, na ratiba ya dakika kumi kumi itupwe. Na wewe msomaji ukipata nafasi wiki ya Ekaristi, nenda Bujora, pale Kisesa, kwenye barabara ya kutoka Mwanza kwenda Musoma. Usisimame katikati ukipiga picha. Chagua upande, na ukichoshwa nao, hama.