Motere isiyokufa: safari ya Mercedes 240 D hadi 207 za Kinshasa

Mwaka 2004, shofere wa teksi wa mji wa Thessaloniki, huko Ugiriki, Gregorios Sachinidis, alikabidhi gari yake kwa jumba la makumbusho la Mercedes-Benz mjini Stuttgart, Ujerumani. Ilikuwa Mercedes 240 D ya mwaka 1976. Aliinunua mwaka 1981 ikiwa tayari imetembea kilomita 220,000, na siku ya kuiacha ilikuwa imefika kilomita milioni 4 na laki 6. Ni sawa na kuizunguka dunia mara 115. Kwa miaka 23 gari hiyo ilitembea zaidi ya kilomita 500 kwa siku, jumapili pamoja na sikukuu.

Wapenzi wa magari wanaisimulia habari hiyo kama ushahidi kwamba Mercedes ya zamani haifi. Lakini wengi wanaruka sehemu moja. Sachinidis hakutumia motere moja. Alikuwa na motere tatu zilizopokezana: moja iko ndani ya gari, nyingine imetengenezwa na inangoja. Alibadilisha mara 11. Ukipiga hesabu, kila motere ilifanya kazi chini ya kilomita 400,000 kwa wastani, kisha ikatolewa, ikafunguliwa, ikarudishiwa nguvu. Kwa hiyo rekodi ile ni ya gari, lakini pia ni ya mtu aliyejua lini atoe motere kabla haijamwangusha njiani na abiria.

Ili kuelewa kwa nini jambo hilo liliwezekana, inafaa kurudi Ujerumani ya miaka ya 1970. Mercedes ya mtindo huo ilikuwa gari ya mkubwa: daktari, mkurugenzi, waziri. Huku Afrika Mashariki watu walikwisha buni neno Wabenzi kwa ajili ya matajiri wapya waliopanda magari hayo, na katika Zaire ya Mobutu nyota ya mbele ya gari ilisema cheo cha mwenyewe kabla hajashuka. Lakini gari hiyohiyo, ikiwekewa motere ya mazutu, ndiyo ilikuwa teksi ya kila siku ya Ujerumani. Kiwanda kililazimika kutengeneza kitu kimoja cha kumfurahisha bwana mkubwa na cha kumvumilia shofere wa teksi.

Januari 1976 ulitoka mtindo mpya, W123, uliochukua nafasi ya ule wa gari ya Sachinidis. Watu waliungoja kwa muda mrefu, hata magari yaliyotumika kidogo yakauzwa kwa bei ya jipya au zaidi. Mpaka ulipoachwa mwanzoni mwa 1986, zilikuwa zimetengenezwa karibu milioni 2 na laki 7. Ndani yake 240 D iliendelea na motere ileile, OM616, ya lita 2.4 na silinda nne. Mwanzoni ilikuwa na nguvu za farasi 65 tu. Ilihitaji zaidi ya sekunde 20 kufika mwendo wa kilomita 100 kwa saa. Kwa kupanda mlima na mzigo, shofere alipaswa kuwa na moyo wa subira.

Udhaifu huo ndio uliofanya idumu. Motere haikukamuliwa. Mazutu yalilipukia kwanza katika chumba kidogo kabla ya kuingia kwenye silinda, na mpango huo ulivumilia mafuta yasiyo mazuri sana. Pompi ya kusukuma mazutu ilikuwa ya chuma, bila kompyuta. Mara motere inapowaka, haihitaji umeme ili iendelee. Hata kuizima hakukutumia umeme: ukigeuza ufunguo, hewa inayovutwa katika vijibomba vya mpira ndiyo inayofunga mazutu. Mpira ukipasuka, unatoa ufunguo, unaweka mfukoni, na motere inaendelea kunguruma. Ndiyo maana kiwanda kiliweka kikono cha kuzimia kwa mkono chini ya kifuniko cha mbele. Wanunuzi wengi wa gari iliyotumika waliogopa siku ya kwanza, wakadhani wameuziwa pepo.

Sasa tuseme wazi kazi ambayo gari hiyo ilidai, kwa sababu hapo ndipo sifa ya kutokufa inadanganya. Supapi zake hazikujirekebisha. Kila baada ya kilomita zilizoandikwa katika kitabu chake, fundi alipaswa kufungua kifuniko cha juu, achukue kle za 14 na kibati chembamba cha kupimia, aweke nafasi inayotakiwa upande wa kuingiza hewa na upande wa kutoa moshi, motere ikiwa baridi. Asipofanya hivyo, nafasi inapungua kidogo kidogo, supapi inaungua, motere inakataa kuwaka asubuhi, na mwenye gari analaumu betri. Mnyororo unaozungusha supapi ulirefuka kwa miaka, nao ulitaka kupimwa kabla haujakatika. Filta za mazutu zilikuwa mbili: kubwa, na nyingine ndogo inayoonyesha ndani, ambayo mtu yeyote angeweza kuitazama kila asubuhi na kuona takataka iliyomo. Hakuna hata kazi moja kati ya hizo inayohitaji mashine ya gharama. Zinahitaji mtu anayekumbuka.

Shofere wa Ujerumani alikumbuka kwa sababu gari ilikuwa ya kampuni na daftari lilitiwa muhuri. Mnunuzi wa pili alipata gari na daftari. Wa tatu alipata gari na nusu ya daftari. Kule Moroko, 240 hizo zikawa teksi kubwa za kutoka mji hadi mji, abiria sita pamoja na shofere, na zilifanya kazi hiyo kwa miongo kadhaa. Ilibidi serikali, kuanzia 2014, itoe dirham 80,000 kwa kila mwenye teksi aliyekubali kuiachia ya zamani na kununua mpya. Bila pesa hizo hakuna aliyekuwa na haraka ya kuiacha.

Kongo ilipata motere hiyo zaidi kwa njia nyingine. Mwaka 1977 Mercedes ilianza kuuza kamyoneti ndogo ya mizigo. Ile yenye mazutu iliitwa 207 D, na ndani yake mlikuwa na OM616 ileile ya gari ya waziri. Huko Ulaya ilibeba mikate, barua, na vyombo vya mafundi wa nyumba. Ilipochoka ikauzwa, ikapakiwa melini Antwerp, Ubelgiji, ikashuka Matadi, ikapanda barabara hadi Kinshasa. Hapo ilikatwa madirisha ubavuni kwa mkono, ikawekwa mabenchi, ikaanza kubeba watu. Wakaaji wa Kinshasa waliipa jina wanalolijua wote: esprit de mort.

Jina hilo halikutoka kwenye motere. Motere ilikuwa inaenda. Yaliyokuwa yanakufa ni freni, ekseli, matairi, sakafu iliyoliwa na kutu, na mabenchi yasiyofungwa vizuri ambayo gari ikigonga yanakwenda mbele pamoja na watu. Gari yenye motere dhaifu ingesimama zamani na kupelekwa kwenye vyuma chakavu. Hii haikusimama. Kwa kuwa kila asubuhi iliwaka, mwenyewe hakuona sababu ya kulipia kitu kingine, na shofere anayedaiwa versement jioni hawezi kuipeleka garaje kwa ajili ya freni ambayo bado inashika kidogo. Urithi ulifika nusu: chuma kilivuka bahari, daftari lilibaki.

Kuna wanaosema dawa ni kununua magari mapya ya kifahari. Wayatazame vizuri kwanza. Mercedes za miaka ya 1990 mwanzoni zilikuwa na nyaya ambazo ngozi yake ilikauka na kubomoka kwa joto la motere. Mwaka 2002 ilitoka E-Class yenye freni zinazoamriwa na kompyuta. Pompi yake ilihesabu mara ngapi umekanyaga pedali, na hesabu ikitimia inawasha taa ya kudai ibadilishwe. Mwaka 2004 kampuni iliita magari 680,000 yarudi kukaguliwa kwa sababu ya freni hizo, na miaka miwili baadaye ikaziacha katika mtindo huo. Fundi aliyejifunza kazi kwa 240 D, mwenye kle na masikio mazuri, hana la kufanya mbele ya gari kama hiyo bila mashine ya kusoma kompyuta. Mwanafunzi wake naye hana cha kujifunza kwa kutazama.

Kwa upande wa abiria, mwaka 2013 serikali ya Kongo ilileta mabasi mapya mjini Kinshasa kupitia kampuni ya Transco, na baadaye mabasi madogo yaliyobatizwa esprit de vie, ili yaifukuze ile ya mauti. Watu walishangilia, na walikuwa na haki. Lakini kununua basi ni kazi ya siku moja, na mapesa ya vipuri yanatakiwa kila mwezi. Baada ya miaka michache mengi ya mabasi hayo yalikuwa yamesimama katika depo yakingoja vipuri, na kwenye vituo, 207 zilikuwa zinaendelea kupakia.